Elfu 35 ya fundi siyo elfu 35: ninavyopanga bei ya kazi sa hivi

Jana usiku kuna dogo kanipigia simu, fundi rangi mwenzangu, ana kitimu chake cha watu watatu huko Mbagala. Kapata kazi ya nyumba nzima, vyumba vinne pamoja na uzio, na mwenye nyumba anataka bei asubuhi. Akaniuliza, "Kaka, nyumba kama hiyo kwa kawaida ni shingapi?" Nikamjibu kwa swali, wewe siku moja ya kazi inakutoka shingapi? Akasema fundi elfu 35, msaidizi elfu 20. Nikamwambia hiyo ndo hela unayowapa wao jioni, mi nakuuliza siku yenyewe inakula shingapi. Akakaa kimya. Tukaongea mpaka salio likakata, na yale niliyokuwa namwambia ndo nataka kuyaandika hapa vizuri, mana najua siyo yeye peke yake, mimi mwenyewe nimefanya kazi hii miaka sita nikiwa nataja bei kwa kuangalia ukuta na sura ya mwenye nyumba basi.

Nianze na nyumba ya Kigamboni kwa sababu pale ndo nilipofunguka macho.

Nyumba ya vyumba vitatu, sebule, jiko na ukuta wote wa nje. Mwenye nyumba ni mama mmoja mtu mzima, mstaarabu sana, vifaa vyote ananunua mwenyewe na mimi naleta mikono, kama kazi nyingi za mtaani zilivyo, tajiri, yani mwenye kazi, ananunua rangi na praima (ile rangi ya kwanza ya kushikisha) na fundi anataja hela ya ufundi. Nikazunguka vyumba kama dakika ishirini hivi, nikaangalia dari, nikagonga ukuta kwa kidole kusikia kama lipu imeshika, nikasema milioni moja na laki tisa. Hesabu yangu ilikuwa hivi, mafundi watatu kwa elfu 35 ni 105,000, wasaidizi wawili kwa elfu 20 ni 40,000, jumla 145,000 kwa siku, kazi ni siku kumi, 1,450,000, kwa hiyo mimi nabaki na 450,000. Laki nne na nusu kwa siku kumi, nikaona nimelamba dume.

Ilikuwa mwezi wa nne, masika yenyewe. Siku ya nne tulikuwa tumeanza praima ukuta wa nje upande wa bahari, saa nne hivi asubuhi wingu likaja ghafla, na matone ya kwanza yakaanza kuchora mistari kwenye ukuta uliokuwa bado mbichi. Vijana wakakimbilia maturubai, mmoja akashika boksi lililokunjuliwa akawa anajaribu kukinga kipande alichokuwa amemaliza dakika tano nyuma, lakini praima ilishaanza kuteremka, nyeupe kama maziwa yanavyofurika kwenye sufuria, ikatambaa mpaka kwenye kokoto za baraza. Tukasimama chini ya mwembe tukiangalia. Saa saba ikawa bado inanyesha, nikawaambia twendeni. Sasa kuna mtu hapo katoka nyumbani Gongo la Mboto saa kumi na moja alfajiri, kapanga foleni ya pantoni, huwezi kumwambia nenda zako mikono mitupu kisa mvua. Nikawalipa nusu siku, 72,500.

Siku ya saba praima ikaisha. Mama alikuwa kasafiri Morogoro kwenye msiba, duka la jirani hawana aina ile, na hatukutaka kuchanganya aina mbili kwenye ukuta mmoja. Tukasubiri siku nzima mpaka hela ikatumwa na ndoo ikaletwa jioni. Nikalipa siku nzima, 145,000, na hakuna hata mita moja ya ukuta iliyoongezeka.

Tukamaliza siku ya kumi na mbili. Kazi nzuri, mama kafurahi, kanilipa yote hata hakusumbua. Mwezi na kitu baadaye nikawa nadaiwa kodi ya stoo na sina hela. Nikamwambia mke wangu sielewi, nimelipwa milioni moja na laki tisa juzi juzi tu. Akaniambia leta risiti zako na hiyo simu yenye miamala, tukakaa mezani jikoni watoto wameshalala, yeye anasoma mimi naandika kwenye daftari la shule la mwanangu.

Mafundi na wasaidizi siku kumi, 1,450,000. Siku ya mvua 72,500. Siku ya kusubiri 145,000. Hapo tayari ni 1,667,500. Akauliza, mlikuwa mnakula wapi? Nikamwambia kwa mama ntilie pale nje, elfu tatu tatu, watu sita pamoja na mimi. Elfu 18 kwa siku mara siku 12, 216,000. Tukafika 1,883,500. Yani mpaka hapo imebaki 16,500 na bado hatujagusa kirikuu kilichobeba ngazi na mirunda kwenda na kurudi, 120,000. Bado misasa, rola, masking tepu, brashi mbili zilizokufa kabisa, 95,000. Halafu mwezi mmoja baada ya kumaliza mama wa Kigamboni alipiga, kuna mahali chumbani rangi imevimba, unyevu ulikuwa umepanda kutoka chini, nikapeleka fundi mmoja siku mbili na nauli yake, 80,000.

Mke wangu akajumlisha, akatoa, akageuza daftari akaniwekea mbele. Hasara 278,500. Na mimi siku kumi na mbili zote sijajilipa hata senti, wala mafuta ya pikipiki hatukuyaweka.

Swali nililobaki nalo usiku ule lilikuwa moja, kama kazi inanipa hasara ya karibu laki tatu, nimewezaje kuishi miaka sita? Hela ilitoka wapi? Jibu lake ndo lililonitisha kuliko hasara yenyewe. Ilitoka kwenye adivansi ya kazi inayofuata. Yani kabla sijamaliza Kigamboni nilikuwa nimeshapokea adivansi ya nyumba ya Kinyerezi, na hiyo ndo iliyowalipa vijana wiki ya mwisho Kigamboni. Kinyerezi ikaja kumaliziwa na adivansi ya Bunju. Shimo la nyuma linafukiwa kwa udongo wa mbele, na kwa sababu hela inapita mkononi kila wiki unahisi biashara inatembea. Siku kazi zikikatika mwezi mmoja tu ndo unakuta huna hela, una madeni, na kuna mtu umekula adivansi yake na rangi hujapiga. Mafundi wengi wanaoitwa matapeli mtaani hawakuanza na nia ya kutapeli, walianza kwa kutaja bei ndogo. Hilo naliamini kabisa na linaniuma, mana nimewaona wenzangu wazuri wa kazi wakizima simu.

Sasa twende kwenye hesabu.

Kuna mzee mmoja mkandarasi wa Tegeta, ana usajili wake CRB, bodi ya usajili wa makandarasi, siku nyingi, nilimfuata nikamwamkia nikamweleza yaliyonikuta. Hakunipa somo refu. Akaniuliza, "Mwaka jana ulifanya kazi siku ngapi?" Nikamwambia mzee, kila siku isipokuwa Jumapili. Akatikisa kichwa, "Sijakuuliza uliamka siku ngapi, nimekuuliza siku ngapi tajiri alikuwa anakulipa uwe saiti kwake."

Nikarudi nikahesabu kwenye simu, meseji, picha za saiti, miamala. Mwaka una siku 365, toa Jumapili 52 zinabaki 313. Toa sikukuu, toa siku za mvua, siku za kuzunguka kuangalia kazi ambazo nyingine hata hukuzipata, siku za kufuatilia madeni, siku za msiba na harusi, siku za kwenda Kariakoo kutafuta kifaa, na zile wiki za mwezi wa kwanza watu wote wamemaliza hela kwenye ada za shule na hakuna anayepaka rangi. Zikabaki siku 196. Siku 196 ndizo zilizobeba mwaka mzima, zile nyingine zote zinakula tu.

Halafu nikaandika vitu vinavyonitoka hela hata kama sina kazi. Hizi ndo gharama za uendeshaji, na kosa letu ni kuziita "matumizi yangu" badala ya kuziita gharama za kazi. Kwa mwezi, stoo ya kuhifadhia ngazi na mashine 80,000. Pikipiki, mafuta na matengenezo, 220,000. Simu na bando 45,000, mana picha za kazi natuma WhatsApp na matajiri wengi nawapata huko huko. Leseni na kodi ukizigawa kwa miezi 60,000. Vifaa kuchakaa 110,000, na hiki wengi wanakiruka kabisa, grinda ikifa, ngazi ikipinda, kompresa ikikataa, unanunua kwa hela ya kazi iliyopo mkononi na unaona kama bahati mbaya, wakati kilikuwa kinakufa kidogo kidogo kwenye kila nyumba uliyoingia. Mke wangu anayeshika daftari na kufuatilia risiti 100,000, na hii hakuomba, mimi ndo niliiweka, kwa sababu nisingekuwa naye ningemlipa mtu. Viatu, barakoa, glavu, kiboksi cha huduma ya kwanza 35,000. Kazi za kurudia kama ile ya unyevu 50,000. Jumla 700,000 kwa mwezi, milioni 8 na laki 4 kwa mwaka.

Halafu mshahara wangu. Hapa nilibishana sana na mzee. Mimi nilikuwa nasema changu ndo kinachobaki. Akaniambia kinachobaki ni cha kampuni, cha kununua mashine mpya na kuvuka mwezi mbaya, wewe ni msimamizi wa saiti, ukiumwa leo utamweka mtu na utamlipa, basi jilipe. Nikaweka 900,000 kwa mwezi, milioni 10 na laki 8 kwa mwaka.

Vyote viwili milioni 19 na laki 2. Gawa kwa siku 196 unapata karibu 98,000. Maana yake kila siku ninayoingia saiti, kabla fundi wa kwanza hajafungua kopo, siku hiyo tayari ina mzigo wa elfu 98 ambao lazima mtu aulipe, na kama sijauweka kwenye bei basi anayeulipa ni mimi na watoto wangu.

Angalia kinachotokea ukikosea mgawanyo tu. Ningegawa kwa zile siku 313 ningepata 61,000 na ningejiona nimehesabu vizuri sana, nina daftari na kila kitu. Lakini siku zinazoleta hela ni 196, kwa hiyo ningekusanya kama milioni 12 wakati natakiwa milioni 19 na laki 2. Milioni 7 zingepotea kwa mwaka na hakuna aliyeniibia. Ndo maana nasema usianze na bei ya mtaa, anza na kuhesabu siku.

Upande wa vijana nao una mambo yake. Fundi wa kutwa unamlipa 35,000 unaona imeisha hapo, lakini chakula umemlipia, nusu siku ya mvua umemlipia, na kwenye hiyo siku yenyewe muda wa brashi ni mdogo kuliko unavyofikiri. Mimi nilikaa nikaangalia saa siku tatu mfululizo bila kuwaambia. Wanafika saa mbili, kubadili nguo, kusogeza ngazi, kukoroga rangi, brashi inagusa ukuta saa tatu kasoro dakika ishirini. Chai saa nne nusu saa. Chakula saa saba mpaka saa nane. Saa kumi na nusu wanaanza kuosha rola na kufunika makopo, mana usipoosha kesho unanunua nyingine. Ukijumlisha ni kama masaa sita ya ukuta. Siwalaumu hata kidogo, kukoroga na kuosha ni kazi na mtu lazima ale, ila mimi nilikuwa napiga hesabu ya siku kumi kana kwamba mtu anapaka kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na moja bila kushusha mkono. Ndo maana siku zangu kumi zilikuwa kila mara zinageuka kumi na mbili hata bila mvua.

Na ukiajiri kabisa ndo uhesabu zaidi. Mwaka huu nimemwajiri fundi wangu mmoja wa siku nyingi kwa 700,000 kwa mwezi. Kwa akili ya haraka unagawa kwa siku 26 unapata kama 27,000 unasema mbona rahisi kuliko kutwa. Sasa ongeza NSSF, upande wa mwajiri 10% ambayo ni 70,000 na yeye anakatwa 10% yake. Ongeza mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, 0.5%, hiyo ni 3,500. Ukifikisha wafanyakazi 10 inaingia na SDL, tozo ya kukuza ujuzi, mimi bado sijafika huko. Tayari ni 773,500 kwa mwezi, 9,282,000 kwa mwaka. Sheria ya ajira na mahusiano kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya siku 28 yenye malipo, sikukuu zipo, ukitoa hivyo kwenye zile 313 unabaki na siku kama 275. Gawa, ni karibu 34,000 kwa siku, na hapo bado hajaumwa, mvua haijanyesha na hujakosa kazi. Akizidisha muda unamlipa mara moja na nusu kwa saa, akifanya kazi sikukuu ni mara mbili. Sijutii kumwajiri, ana watoto na anastahili kuwa na akiba yake, na ametulia, kazi yake hairudiwi. Ila 34,000 ndo namba ninayoiandika kwenye kotesheni, ile 27,000 niliifuta.

Basi nikarudi kwenye nyumba ile ile ya Kigamboni, nikaipangia bei upya kama zoezi. Siku 12 nzima, watu 145,000 na chakula 18,000, hiyo 163,000 mara 12 ni 1,956,000. Kirikuu na vitu vidogo vidogo 215,000. Tuko 2,171,000. Mzigo wa siku 98,000 mara 12, 1,176,000. Jumla 3,347,000. Hiyo ndo gharama, bado faida. Nikitaka kwenye kila shilingi mia ibaki kumi ya kampuni nagawa kwa 0.9, inakuja kama 3,720,000.

Nilitaja milioni moja na laki tisa.

Hapo kwenye kugawa niseme kidogo mana watu wengi tunazidisha. Ukiwa na gharama ya milioni moja na unataka 20% ibaki, ukizidisha unapata 1,200,000, faida laki mbili, lakini laki mbili kwenye milioni moja na laki mbili ni kama 16.7% tu. Ukigawa kwa 0.8 unapata 1,250,000 na hapo ndo 20% kamili. Elfu 50 unaweza kuiona ndogo, ila subiri tajiri aombe punguzo. Anasema "fundi nipunguzie kidogo, asilimia kumi tu". Kwenye 1,200,000 kumi ni 120,000, na faida yako ilikuwa 200,000, kwa hiyo umempa zaidi ya nusu ya faida kwa neno moja tena ukiwa umesimama mlangoni. Sa hivi mtu akiomba punguzo namwambia tupunguze kazi, tuache uzio, au ukuta wa nyuma tupige rangi mkono mmoja badala ya miwili. Bei ikishuka lazima na siku za kazi zishuke.

Kwa wanaochukua kazi za makampuni na taasisi kuna hela nyingine inayochelewa hata kama haijapotea. Kodi ya zuio, ile anayekulipa anakukata na kuipeleka TRA, kwenye huduma ni 5%, na kwenye kazi za ujenzi zenye vifaa na ufundi pamoja wanahesabu kwa uwiano wa 3 kwa 2, vifaa 3 na huduma 2, kwa hiyo kazi ya milioni 10 inazuiwa 5% ya milioni 4, laki mbili. Unaipata baadaye kwenye hesabu zako za TRA ukiwa na cheti chake, kidai hicho cheti usikiache. Halafu wanashikilia sehemu ya malipo mpaka muda wa matazamio, yani wa kuangalia kama kazi ina kasoro, uishe, miezi sita au mwaka. Kuna taasisi moja ilinikalia na hela hiyo miezi kumi na nne. Vijana wanalipwa Jumamosi, wao wanalipa wakijisikia, na pengo la katikati unalijaza kwa mkopo wenye riba, na riba hiyo nayo ni gharama ya kazi, iandike.

Najua mtakachosema, maana hata dogo wa Mbagala alikisema, "Kaka kwa bei hiyo nani atanipa kazi, kuna mtu atakuja na milioni moja na nusu." Ni kweli atakuja. Miezi ya kwanza nilipobadilisha bei nilipoteza kazi nne mfululizo na niliumia, nilikuwa naamka usiku. Lakini kuna vitu viwili nimejifunza hapo. Kwanza, ile elfu 98 haijaandikwa kwenye jiwe. Nilikuwa na saiti moja moja, na ninapokuwa na saiti mbili zilizo jirani, stoo ni ile ile, simu ile ile, mshahara wangu ule ule, mzigo unagawanyika. Kwa hiyo sa hivi nahesabu siku za saiti, saiti mbili kwa siku moja ni siku mbili. Mwaka huu nimepanga nifike 280, mafuta yameongezeka na mzigo wa mwaka umepanda hadi milioni 20 na laki 4, ila ukigawa ni kama 73,000 badala ya 98,000. Bei imeshuka na sijamgusa fundi hata mia. Ndo maana mtu wa Kibada akinipigia na nina kazi nyingine Mjimwema naweza kumpa bei nzuri kuliko mtu wa Bunju, naye wa Bunju namweleza ukweli kwa nini.

La pili, usipunguze mshahara wa kijana ili upate kazi. Nimeshajaribu zamani. Fundi wa elfu 25 anapaka haraka, hapigi msasa, anachanganya maji mengi kwenye rangi ili ndoo ifike mbali, na wewe ndo unarudi mwezi wa pili kurekebisha. Zaidi ya hapo ni mtu, anajua kama unampunja, na siku akipata elfu 30 kwingine anakuacha na ngazi zimesimama ukutani.

Wiki iliyopita yule mama wa Kigamboni kanipigia. Nilijisikia vibaya kidogo kabla sijapokea, mana nilijua bei ya mwanzo niliyompa. Anataka banda la uani na uzio. Nikaenda, safari hii sikugonga ukuta kwa kidole, nilipima kwa tepu kuta zote nikaandika. Mafundi wawili na msaidizi mmoja, siku nane, pamoja na chakula chetu 102,000 kwa siku, ni 816,000. Kirikuu na vidogo vidogo 130,000. Mzigo 73,000 mara nane, 584,000. Jumla 1,530,000, gawa kwa 0.9, milioni 1 na laki 7.

Akaniangalia. "Mwanangu, mwenzio kaniambia milioni moja."

Nikafungua daftari nikamwonyesha, nikamsomea mstari mmoja mmoja, hata ule wa siku ya mvua na ule wa kurudi kurekebisha unyevu. Akauliza hii 584,000 ni nini, nikamweleza stoo, pikipiki, leseni, mashine, na mshahara wangu. Akanyamaza, akauliza, "Kwa hiyo mara ile ulipata nini?" Nikamwambia ukweli, mama, mara ile nilipata hasara. Akasema "Pole, mbona hukusema?" na sikuwa na cha kumjibu zaidi ya kwamba nilikuwa sijui.

Tumeacha uzio upande wa nje mpaka mwezi wa kumi akipata hela ya kodi ya wapangaji wake. Siku zimeshuka hadi tano, vidogo vidogo hadi laki moja, bei imekuja 1,085,000. Tunaanza Jumatatu, na kanitumia picha jioni hii, praima kanunua ndoo mbili badala ya moja.